Jua la Matrah

Msafiri atokaye pwani yetu akafika Matrah, bandari ya kale ya Maskati, hujiona kama hakuondoka kwao. Sokoni atasikia Kiswahili, kwani baadhi ya watu wa huko wana asili ya kuishi Unguja, nao walirejea Omani baada ya mwaka 1964, na hasa baada ya 1970. Lakini liko jambo moja lisilofanana na la kwetu, nalo ni jua la kiangazi.

Nilifikia huko kwa dada yangu mwezi wa Juni. Mwanawe, kijana wa miaka 19 na mcheza mpira hodari, alinitaka tupande njia ya mlimani itokayo Riyam hadi Matrah. Njia hiyo haipiti sana kilomita mbili. Huanza kwa ngazi za mawe, kisha ikapanda baina ya majabali makavu yasiyo na mti, na ukifika juu waiona bahari, na marikebu, na ngome ya Wareno. Wakati wa baridi ni matembezi ya starehe.

Dada alituusia twende mara baada ya Alfajiri. Sisi tukaondoka saa nne, na chupa moja ya maji.

"Mjomba," akasema kijana, "twende mbio tuone nani atatangulia."

Nami, kwa kuona haya kushindwa na mtoto niliyembeba mgongoni, nikakubali. Kosa lilikuwa langu mimi niliye mzima.

Hatukufika mbali. Mawe yalitoa moto kama tanuri, na hewa ilikuwa nzito kwa unyevu wa bahari. Kijana akalalamika kichwa, akaanza kupepesuka, kisha akazungumza maneno yasiyo na maana. Nilimvuta kivulini chini ya jabali, nikamvua shati, nikammwagia maji yaliyobaki, nikampepea kwa kilemba changu, huku nikipiga simu. Majirani walipanda wakamchukua hospitali. Alhamdulillahi, alipona.

Daktari alitueleza sababu. Joto la mwili ni kama digrii 37, na misuli ya mkimbiaji huzidisha joto. Jasho hupoza kwa kukauka. Palipo na unyevu mwingi hutiririka tu lisikauke. Joto la mwili likifika digrii 40 na akili ikapotea, huo si uchovu, bali ni hatari ya mauti. Dawa ya kwanza ni kumpoza mtu upesi kwa maji na upepo, na kuita msaada. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, asije akapaliwa.

Wenyeji walijua hayo kabla yetu. Sheria ya Omani huzuia kazi za nje juani tangu saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, miezi ya Juni, Julai na Agosti.

Na dini yetu imetangulia kutufunza. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Abu Israil, aliyeweka nadhiri ya kufunga, kusimama juani, kutoketi na kutosema. Mtume (S.A.W.) aliamrisha aketi, aingie kivulini, aseme, na atimize saumu yake. Saumu ikabaki, jua likaondolewa. Hata sala ya Adhuhuri aliagiza icheleweshwe mpaka kupoe joto likiwa kali. Ikiwa ibada imepewa nafasi hiyo, mashindano yetu ya mlimani yana hoja gani?

Enyi vijana, kufanya mazoezi ni jambo jema, na nguvu ni neema. Lakini mwili ni amana, una haki yake. Chagueni wakati wa baridi, chukueni maji ya kutosha, na mwenzenu akisema kichwa chamuuma, simameni. Nanyi wazee, msione haya kusema, "Leo hapana."

Siku ile dada yangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinitazama tu, kisha akarudi kumpepea mwanawe.