Bastola Ambayo Sikuinunua

Mzee wa miaka karibu sabini anapoanza kuulizia bastola, watu ama humcheka ama humwogopa. Mimi nilichekwa na wanangu na kuogopwa na majirani. Leo nataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyoanza na lilivyokwisha, kwa kuwa naamini si mimi peke yangu niliyewahi kuwaza hivyo.

Ilikuwa Agosti mwaka 2019, majira ambayo upepo wa Dodoma huvuma usiku kucha na mabati hupiga kelele, hata mtu asiweze kutofautisha hatua za mwizi na tawi la mwarobaini. Naishi Makole, katika nyumba niliyoijenga kwa mshahara wa ualimu na kwa subira ya mke wangu. Yeye alifariki mwaka 2017. Usiku ule walikata nondo za dirisha la sebule, wakaingia. Walichukua televisheni, redio, na cherehani ya marehemu. Mimi nilikuwa macho. Nilisikia yote, hata mlio wa cherehani ikiburutwa sakafuni. Nililala kama gogo, huku nikimwomba Mungu mjukuu wangu wa miaka 14, aliyekuwa chumba cha pili, asiamke.

Kulipokucha majirani walikuja kunipa pole. "Mwalimu, ulitumia busara kutotoka," wakasema. Niliitikia, lakini moyoni niliona aibu. Kwa zaidi ya miaka 30 nilisimama mbele ya wanafunzi nikiwahimiza wawe majasiri. Siku ilipofika zamu yangu, nilijifunika shuka. Ndipo nilipoamua kutafuta bastola.

Silaha si kitu kigeni kwangu. Mwaka 1972, baada ya kumaliza Chuo cha Ualimu Mpwapwa, nilipelekwa Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Makutupora. Huko tulifundishwa kufungua bunduki, kuisafisha na kuifunga. Baada ya kulenga shabaha tulihesabu maganda ya risasi moja moja, na likipungua moja hakuna aliyekula mpaka lipatikane. Afande wetu alikuwa na msemo mmoja: bunduki haina rafiki wala ndugu, ina mbele na nyuma tu. Tulicheka wakati ule. Kijana wa miaka 22 huona kila kitu kina upande mmoja, yaani ule ulioelekea kwa adui.

Basi nikamwendea mwanafunzi wangu wa zamani, aliyestaafu katika Jeshi la Polisi, ambaye anamiliki bastola kihalali. Alinipokea kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," akaniandalia chai, kisha akanipa somo. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi.

Alisema mtu anayechagua silaha ya nyumbani apime mambo matatu: mkono, macho na mahali. Akaitoa bastola yake, akaondoa magazini, akaangalia chemba mara mbili, kisha akanipa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Akaniambia nivute nyuma sehemu ya juu, kama anayetaka kuingiza risasi ya kwanza. Vidole vyangu, vyenye ugonjwa wa viungo, viliteleza mara tatu. Alinieleza kwamba iko aina nyingine, yenye ngoma ya risasi inayozunguka, ambayo haina haja ya kuvutwa hivyo na haikwami kirahisi, ila kifyatulio chake kinataka kidole chenye nguvu. Bunduki ndefu ya marisawa hushikwa kwa mikono miwili na hulenga vizuri zaidi, lakini katika ukumbi mwembamba kama wangu mwizi angeweza kuudaka mtutu kabla sijageuka.

Kisha akauliza juu ya nyumba. Nikamchorea kwenye karatasi: kitanda changu hapa, mlango hapa, ukumbi, sebule. Akaweka kidole kwenye mstari kati ya kitanda na mlango, akaupitisha mpaka ng'ambo. "Na huku, Mwalimu, analala nani?" Nikamjibu kwamba ni mjukuu wangu. Akasema risasi ya bastola haisimamishwi na mlango wa mbao. Wala mwenye kupiga, gizani, bila miwani, moyo ukimwenda mbio, hajui kama anayekuja ukumbini ni mwizi au ni mtoto anayekwenda msalani.

Tukazungumzia na mahali pa kuiweka. Silaha inapaswa kufungiwa mahali salama, katika kabati la chuma. Lakini wale watu hawakukaa sebuleni kwangu hata dakika kumi. Ikiwa bastola imefungiwa, na ufunguo uko mbali na mtoto, mpaka niipate wamekwisha fika Chang'ombe. Ikiwa iko chini ya mto, basi iko chini ya mto mchana pia, wakati watoto wa jirani wanapokuja kuazima kitabu. Nililitafakari jambo hili kwa siku nyingi, na mpaka leo sijapata jawabu lake.

Hata hivyo sikukata tamaa. Bei yake ililingana na ng'ombe wangu wote wanne walioko Chamwino, nami nilikuwa tayari kuwauza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kwenda dukani na fedha zake tu. Lazima achunguzwe, na uchunguzi huanza na wanaomfahamu, pale pale mtaani. Wapo wanaoulaumu utaratibu huu kwa urefu wake. Mimi nawashukuru walioutunga.

Nilipoitwa mbele ya wajumbe nilivaa koti. Waliniuliza sababu, nikaeleza wizi. Waliniuliza kama nimewahi kushtakiwa, kama ninakunywa pombe, kama nina ugomvi na mtu. Majibu yalikuwa mepesi. Nilidhani tumemaliza, lakini mjumbe mmoja, mama mtu mzima anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, samahani. Tangu mama atutoke, unalala? Maana taa yako naiona kila siku nikiamka alfajiri."

Nikasema, "Nalala, mama." Nilisema uongo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole, kwa njia ndefu. Msomaji wangu, nitakiri hapa jambo ambalo sikuwahi kuliandika. Katika mwaka ule wa kwanza wa ujane wangu, zilikuwako nyakati za usiku ambapo niliona kuendelea kuishi ni kazi isiyo na faida. Sikufanya lolote. Lakini nafikiri sikufanya kwa sababu mawazo yale yalihitaji muda ili yawe kitendo, na kabla muda haujatimia jogoo aliwika, au mjukuu alikohoa. Bastola haihitaji muda. Nilipofika kwenye geti langu nilielewa kwamba miezi yote ile nilikuwa nikihesabu hatari zinazotoka nje, na sikuhesabu hata mara moja ile iliyokuwa ikilala kitandani kwangu.

Binti yangu ni muuguzi. Nilimweleza yote, yeye akilia na mimi nikilia. Aliniambia kwamba hata Marekani, nchi ambayo watu wake wana bunduki nyingi kuliko wote, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi kila mwaka ni watu waliojiua wenyewe, na kwamba watafiti wa huko walichapisha tangu mwaka 1992 kuwa hatari hiyo ni kubwa zaidi katika nyumba yenye silaha. Baadhi yao walinunua kwa ajili ya wezi, kama mimi.

Alinipeleka Mirembe. Kila aliyekulia Dodoma anajua uzito wa neno hilo. Hospitali ile ipo tangu mwaka 1927, na nilipokuwa mwalimu mkuu watoto walitukanana kwa jina lake uwanjani, nami nikapita bila kuwakemea. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje nikiwa nimeinamisha kofia, hadi kijana mmoja akasimama na kusema kwa furaha, "Shikamoo Mwalimu!" Naye alikuwa akisubiri dawa. Tukakaa pamoja. Daktari alinisikiliza kuliko nilivyowahi kuwasikiliza wanafunzi wangu. Nilirudi mara nyingi, na usingizi ukarudi kidogo kidogo.

Ombi langu niliomba liondolewe. Fedha za ng'ombe mmoja zilitosha kubadili nondo, kuweka mlango wa chuma, taa ya nje na mbwa mmoja mwenye kelele nyingi. Nyumba sita za jirani tulikubaliana kuwa na filimbi. Usiku mmoja mbwa alibweka, nikaipuliza yangu, na kabla sijavaa viatu taa zilikuwa zimewaka katika nyumba nne na watu wako nje na virungu. Hatukuona kitu, huenda alikuwa paka. Lakini nilirudi kulala bila ile aibu ya Agosti, kwa maana sikuitika peke yangu wala sikujificha.

Sisemi kwamba hakuna anayehitaji bastola. Sheria zetu zinampa mtu haki ya kujitetea kwa nguvu ya kadiri, na wapo ambao kazi zao au mahali wanapoishi panawalazimu kuwa na silaha. Ninachosema ni kwamba, kabla hujauliza ipi ni nyepesi na ipi haikwami, keti na yule anayekufahamu, akuulize unalalaje. Nawe umjibu kweli.

Cherehani haikupatikana. Nilipokuwa nikitafuta bastola niliamini naitafuta kwa ajili ya wezi watakaokuja. Sasa naona niliitaka kwa ajili ya wale waliokwisha kuondoka, na kwa ajili ya yule ambaye hakuna silaha ingeweza kunirudishia.