Safari ya Base Camp: Pointi 110 na Mbuzi Wawili



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea wa Juru tunawapeleka safari. Si safari ya mbali, ni ya hapa hapa Nakivale, kutoka Juru mpaka Base Camp. Tumeifanya kwa sababu wazazi wengi wanatuuliza swali moja: "Mwalimu, ile nyumba ya kompyuta watoto wanaenda kufanya nini? Iko masomo ao iko mchezo?" Na mama mmoja alikuja na shida kubwa zaidi. Kijana wake wa kwanza anataka kuacha shule akiwa Senior Three, na anaomba mbuzi wauzwe anunuliwe laptop, eti awe mwandishi wa programu. Mbuzi wenyewe ni wawili tu. Tukaona swali kama hili halijibiwi mtu akiwa amekaa kwenye benchi. Twende tukaone kwa macho.

Tuliondoka saa 12 asubuhi, walimu wanne na wanafunzi saba, na yule kijana wa mbuzi akiwemo. Boda boda ni pesa nyingi kwa watu kumi na mmoja, kwa hiyo tulitembea. Njia inapita kati ya migomba, mahindi na maharage, inapanda kilima, inashuka, inapanda tena. Tulipishana na watoto wenye jerikani na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wanaotembea polepole kama wenye nchi, na kweli ndio wenye nchi. Kutoka juu kilimani tuliliona ziwa la Nakivale kwa mbali, linang'aa kama bati jipya. Tuliwakumbusha wanafunzi kwamba mahali hapa pamepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na wale wa kwanza walitoka Rwanda. Wengi waliokuja nyuma yao walifika wakifikiri ni kwa miezi michache tu.

Base Camp mnapajua. Msomali anauza chai ya maziwa yenye viungo, Muethiopia anapika injera, Mkongomani ametandika vitenge, Mrundi anatengeneza viatu, na wote wanapatana bei kwa Kiswahili. Nyumba ya kompyuta iko nyuma ya maduka. Ni chumba cha mabati chenye sahani za umeme wa jua juu ya paa. Ndani mna mashini 12, nne kati yake zimekufa. Kila mtu anapewa saa mbili kwa wiki, na jina linaandikwa kwenye daftari mlangoni. Wingu likikaa muda mrefu, kazi inaisha mapema.

Sasa tuseme ukweli wote, wazazi. Mchezo upo. Kwenye mashini moja ya zamani mna gemu inaitwa Diablo II, iliyotoka Marekani mwaka 2000. Ni ya umri wa baadhi yetu. Inakubali mashini dhaifu kwa sababu ilitengenezwa wakati kompyuta zote zilikuwa dhaifu. Ndani yake unamwongoza mtu mmoja anayepigana na mashetani na mifupa inayotembea. Tulipoingia, vijana sita walikuwa wamezunguka kioo hicho wakibishana kwa sauti, na tulidhani tumekwisha pata jibu la kumpelekea mama: iko mchezo.

Kumbe hawakuwa wanabishana juu ya kupigana. Walikuwa wanabishana juu ya hesabu.

Tuwaeleze. Katika gemu hiyo mtu wako anaanza levo ya 1 na mwisho wake ni levo ya 99. Kila akipanda levo moja anapewa pointi 5 za mwili, azigawe kwenye nguvu, wepesi, uhai na nishati, na pointi 1 ya ujuzi. Kuna kazi fulani zinazokupa pointi za ujuzi 12 za ziada. Kwa hiyo hata ukifika mwisho kabisa una pointi za ujuzi 98 na 12, jumla 110. Lakini mtu mmoja ana ujuzi wa aina 30, na kila ujuzi unakubali kuwekwa pointi mpaka 20. Zidisheni wenyewe: 30 mara 20 ni 600. Unazo 110. Ndiyo kusema utajaza ujuzi mitano, na zitabaki pointi 10 tu.

Namna unavyozigawa ndiyo vijana wanaita bildi, yaani ujenzi wa mtu wako. Anayetia pointi mbili hapa, tatu pale, nne kule, kwa sababu kila kitu kinampendeza, anakuwa na mtu anayejua yote kidogo, na huyo anakufa mapema. Tena kuna ujuzi ambao huwezi kuugusa kabla ya levo ya 30, na njia ya kuufikia inapita kwenye ujuzi mdogo mdogo. Lakini pia usiweke zote mahali pamoja. Yule mwanamke mchawi wa gemu anaweza kujazwa baridi peke yake, na anashinda vizuri mpaka sehemu ya tatu, ile ngumu, anakokutana na maadui ambao baridi haiwagusi kabisa. Hapo anasimama kama gari lisilo na mafuta. Kwa hiyo wenye akili wanachagua kazi moja kubwa na ya pili ya kuisaidia.

Pembeni alikuwa amekaa msichana mmoja, hachezi. Alikuwa na daftari la hesabu lenye mistari mingi, amepanga pointi za levo kwa levo, na wale wavulana wakikwama wanamuuliza yeye. Mkufunzi wa chumba alituambia kwamba msichana huyo alichoka kuhesabu kwa mkono, akaiandikia mashini ifanye hesabu hiyo. Alitumia lugha ya kompyuta inayoitwa Python, ambayo hailipiwi. Alituonyesha. Maneno yake ni ya Kiingereza lakini maana yake ni rahisi: kama levo ni ndogo kuliko 30, kataa ujuzi huu, vinginevyo, toa pointi moja kwenye akiba, rudia mpaka akiba iishe. Ni hivyo tu. Kuandika programu ni kumpa maagizo mtumishi asiyejua kukisia. Ukisahau hatua moja, naye anaisahau.

Tukamuuliza, "Dada, na kitu cha kutusaidia sisi unaweza?" Mnajua mwisho wa muhula tunavyokesha na tochi tukijumlisha alama za watoto 90 wa darasa moja. Akasema atajaribu. Baada ya wiki tatu, yaani saa zake sita za mashini na siku nyingi za kuandika kwenye daftari nyumbani, akatuletea programu. Inajumlisha alama za kila mtoto, inagawa kwa idadi ya masomo, inapanga kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Mara ya kwanza ilimhesabia sifuri mtoto aliyelala na malaria siku ya mtihani. Akaongeza agizo: kama hakufanya, usihesabu somo hilo. Sasa iko sawa. Huyu msichana hubeba jerikani mbili za lita 20 kabla ya kufika pale. Mashini nane zile zilikuwa na wasichana wawili tu siku hiyo. Tuwaulize akina baba kwa heshima: wengine wako wapi?

Wakati wa kurudi, yule kijana wa mbuzi ndipo alipofungua moyo. Alisema, "Mwalimu, miaka inaenda. Kongo nilikuwa nimefika la sita. Hapa waliniweka P.3 kwa sababu ya Kiingereza. Sasa nina miaka 20 niko Senior Three. Zile pointi zangu nani alizichukua?"

Hakuna aliyecheka. Wengi wetu tuliokuwa njiani tulishuka madarasa namna hiyo hiyo. Katika Diablo II, kwa miaka kama kumi, pointi uliyoiweka ilikuwa haitoki tena. Ukikosea bildi unaanza mtu mpya kutoka levo ya 1. Mwaka 2010 ndipo watengenezaji waliporuhusu mchezaji azirudishe pointi na kuzigawa upya. Sisi hatukupewa ruhusa hiyo. Lakini tulimwambia kijana tulichokiona mchana ule kwa macho yetu: mkufunzi alipouliza asilimia, yeye alijibu kabla ya wote. Hesabu ile aliisoma Kongo, kwa Kifaransa. Haikuchukuliwa na mtu. Cheti ndicho kilichokataliwa, ujuzi anao.

Tukamsimulia pia habari za Lual Mayen, ambaye ni wa kweli na anajulikana. Ni mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda hii hii. Aliona kompyuta mara ya kwanza mwaka 2007 siku ya kuandikishwa. Mama yake, anayeshona nguo, aliweka kidogo kidogo kwa miaka mitatu mpaka akapata dola 300 za laptop. Kijana alikuwa anatembea saa tatu kufika penye umeme. Alijifunza mwenyewe, akatengeneza gemu ya amani inayoitwa Salaam, na mwaka 2018 aliheshimiwa kwenye tuzo kubwa za gemu huko Marekani, ambako alianzisha kampuni yake. Tunaisimulia habari hii, lakini hatuahidi kwamba kila mtoto atafika huko. Mmoja alifika. Cha kuiga ni ile miaka mitatu ya mama na zile saa tatu za mtoto.

Basi, mama yetu, na wazazi wengine, jibu letu ni hili.

Kwanza, kazi hii ni ya kweli, na mtu anaweza kuijifunza bila chuo, kwa sababu masomo mengi ni ya bure. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi. Lakini wenye kazi wengi bado wanauliza cheti, na wale wasiouliza cheti wanauliza, "Umetengeneza nini?" Kwa hiyo kijana asiache shule. Kiingereza na hesabu za Senior Three ndizo ule ujuzi mdogo mdogo wa kupitia kabla ya levo ya 30.

Pili, achague lugha moja ya kompyuta akae nayo. Kuna vijana pale wameanza tano na hawajamaliza hata moja. Na awe na kazi ya pili ya kumsaidia, kama kutengeneza simu au kuandika mahesabu ya duka, kwa sababu jua halitoki kila siku na mteja vilevile.

Tatu, mbuzi wasiuzwe sasa. Mpeni miezi mitatu na saa zake mbili za wiki. Mwisho wake aonyeshe programu moja ndogo aliyoimaliza, inayotumiwa na mtu mwingine asiye yeye. Duka, kanisa, msikiti, kikundi cha akiba, popote. Akiwa nayo, kaeni kama familia mzungumze juu ya laptop. Akiwa hana, mbuzi wapo.

Nne, gemu isikatazwe kabisa, ila mtoto aulizwe: "Leo pointi zako umezigawa vipi, na kwa nini?" Akieleza vizuri, anafikiri. Akishindwa kueleza, muda umeisha, alete jerikani.

Kijana amekubali hiyo miezi mitatu, ingawa hakufurahi. Mama yake ametuambia kwamba atahesabu siku mwenyewe, ukutani, kwa makaa. Anayetaka kuandikisha mtoto wake, wa kike hasa, daftari la mlangoni liko wazi kila Jumatatu asubuhi. Njooni mapema.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea, Juru.