Uongo Wenye Muhuri

Mimi mtunzi wa riwaya; uongo ndiyo kazi yangu, na msomaji anajua. Ndiyo maana kisa cha The Lancet, jarida la madaktari la London, kinanikera. Mwaka 1998 lilichapa makala ya Andrew Wakefield iliyoitilia shaka chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, eti huenda inaleta usonji. Watoto waliochunguzwa? 12 tu!

Mwaka 2004 Brian Deer, mtu wa magazeti, akafichua fedha za wanasheria nyuma yake. Wenzake 10 wakaikana tafsiri ile. Jarida likaja kuifuta makala nzima 2010. Jamani, miaka 12! Wazazi walishakimbia sindano, na surua ikarudi Uingereza. Mhariri akinirudishia hadithi nanuna siku mbili, basi. Huyu wa London alikuwa anangoja nini?