Sinema Tatu za Nyota na Kijana wa Dada Yangu

Huenda wengine wenu mtashangaa kuona mama wa makamo, mwimbaji wa kwaya tena, akiandika habari za sinema za vita vya angani. Lakini sinema hizi tatu nimezipenda tangu nikiwa msichana wa shule, na sijaacha. Ya kwanza, Star Wars, ilitoka Marekani mwezi Mei 1977. Ya pili, The Empire Strikes Back, ikafuata mwaka 1980, na ya tatu, Return of the Jedi, mwaka 1983. Baada ya hizo zimetengenezwa nyingine nyingi, ila mimi nikisema sinema zangu nina maana ya hizo tatu tu. Nilizionea Nakuru, nyumbani kwa mjomba, kwa mikanda ya video iliyokuwa imechakaa kiasi kwamba ilibidi mtu mmoja akae karibu na mashine ili aipige kofi kila picha ilipoanza kuruka.

Kwa wale wasiozijua, hadithi ni hii. Kijana Luke Skywalker analelewa shambani katika sayari ya jangwa. Mzee Ben Kenobi anamwambia kwamba baba yake alikuwa shujaa aliyeuawa na Darth Vader, mtu mrefu wa vazi jeusi na kinyago, mtumishi wa Dola katili. Luke anajiunga na waasi pamoja na Leia, binti wa kifalme, na Han Solo, nahodha wa magendo. Katika sinema ya pili anapigana na Vader, anakatwa mkono, na papo hapo anaambiwa kwamba Vader ndiye baba yake mzazi. Katika ya tatu anamwendea baba huyo akiamini kwamba wema haujamwisha moyoni. Baba anamwokoa mwanawe, kisha anakufa.

Desemba iliyopita nilizitazama tena zote, jioni tatu mfululizo, pamoja na kijana wa marehemu dada yangu. Tumemlea tangu akiwa na miaka 3. Sasa ana miaka 14, na ananiita Mama.

Zamani macho yangu yalikuwa kwa Leia na Han. Safari hii yalimwendea mtu ambaye sikuwahi kumjali, mama aitwaye Beru. Yeye na mumewe Owen ndio waliomlea Luke. Kwa Kiingereza wanaitwa majina yale yale ya mjomba na shangazi yanayotosha kila jamaa, lakini sisi tungesema baba mdogo na mama mdogo, maana sinema za baadaye zilieleza kwamba Owen ni ndugu wa kambo wa baba yake Luke. Beru anaonekana dakika chache tu. Anamimina maziwa ya rangi ya buluu, anaandaa meza, anasikiliza. Nyumba yao imechimbwa ardhini, na si ya kubuni: iko Matmata, kusini mwa Tunisia, ambako Waberberi wamekaa katika nyumba za namna hiyo kwa vizazi vingi. Wapiga picha walifika huko mwaka 1976, na nyumba ile ni hoteli ambayo wapenzi wa sinema hizi wameitembelea kutoka pande zote za dunia.

Pale mezani kuna mazungumzo mafupi ambayo kila mama mlezi angeyatambua. Luke anataka kwenda shule ya urubani. Owen anasema asubiri msimu mmoja zaidi, mavuno yaishe. Kijana anaondoka na uso umemshuka. Beru anamwambia mumewe kwamba mtoto huyu hakuzaliwa awe mkulima, ana mengi mno ya baba yake. Owen anajibu kwamba hilo hasa ndilo analoliogopa.

Nilimtupia jicho mume wangu. Alikuwa anasoma gazeti, au alijifanya anasoma.

Nieleze sababu. Baba mzazi wa kijana wetu yu hai. Alikuwa mlevi, akampiga dada yangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, akauza kipande cha shamba bila kumwuliza, akatoweka. Dada alifariki bila kumwona tena. Mwezi Novemba, baada ya miaka 11 ya kimya, yule mtu alituma ujumbe kupitia kwa mchungaji mmoja. Alisema ameacha pombe, ana kazi ya ulinzi, naye anaomba kumwona mwanawe hata kwa saa moja. Mume wangu alisema hapana. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga lango usiku kwa sababu anajua kilichoko nje. Kwa hiyo Owen simlaumu. Watu humwona kama mzee mkaidi anayemnyima kijana ndoto zake, lakini ndiye pekee katika sayari ile anayeamka kila siku kumlisha mtoto wa mtu mwingine.

Askari wa Dola wanawaua wote wawili na kuichoma nyumba. Luke anasimama anatazama moshi, na baada ya hapo hadithi haiwataji karibu tena. Akifa mzee Ben, aliyekaa naye siku chache tu, Luke analia. Mama aliyempikia tangu akiwa kichanga hapewi hata sentensi moja ya maombolezo. Hili liliniudhi, na nilisema kwa sauti mpaka kijana akaniomba ninyamaze.

Tena si Beru peke yake. Leia anaiona sayari yake yote ikilipuliwa mbele ya macho yake, wazazi waliomlea na watu wake wote, huku Vader akimshikilia asigeuke. Saa chache baadaye, Luke anapomlilia Ben, nani anamfunika blanketi mabegani? Leia. Mimi nimekaa katika matanga ya kutosha kulijua jambo hilo. Aliyefiwa zaidi ndiye anayezunguka na birika la chai.

Wanawake katika sinema hizi ni wachache mno, ingawa nyuma ya pazia walikuwapo. Marcia Lucas, aliyekuwa mke wa mtunzi George Lucas, alikuwa mmoja wa wahariri watatu waliopata tuzo ya Oscar kwa kuihariri sinema ya kwanza. Ndoa yao ilivunjika mwaka 1983, mwaka uleule wa sinema ya tatu. Rasimu ya kwanza ya ile ya pili iliandikwa na Leigh Brackett, mwanamke mwandishi mwenye uzoefu mkubwa, aliyefariki kwa saratani mwezi Machi 1978 kabla sinema haijatengenezwa.

Najua swali ambalo wengine mnalo, kwa sababu liliwahi kuulizwa katika ushirika wetu wa akina mama. Hii Nguvu wanayoitaja, inayojaa kila mahali, je, si dini nyingine? Lucas alilelewa katika familia ya Kimethodisti, na alipohojiwa na Bill Moyers mwaka 1999 alieleza kwamba aliiweka Nguvu ili kuamsha hamu ya mambo ya kiroho kwa vijana, si kuwafundisha dini fulani. Namsadiki. Lakini niliona vema kumweleza kijana tofauti. Nguvu ile haimjui mtu kwa jina. Haipendi, haisamehi, haisikii maombi ya mjane. Ni kama umeme: atautumia mwema, na mwovu naye atautumia. Mungu wetu si umeme. Kijana alisema alikuwa ameshalijua hilo, tuendelee na picha.

Jioni ya pili ndiyo niliyoihofia. Siri kwamba Vader ni baba yake Luke ilifichwa hata kwa waigizaji. David Prowse, aliyevaa vazi jeusi, alipewa maneno mengine ya kusema siku ya kupiga picha, na Mark Hamill, aliyemwigiza Luke, aliambiwa ukweli muda mfupi tu kabla. James Earl Jones, aliyetoa ile sauti nzito, alipoyasoma maneno hayo alidhani Vader anasema uongo. Mimi mwenyewe, Nakuru, nilidhani hivyo hivyo mpaka nilipoiona sinema ya tatu.

Kijana wetu hakushtuka kwa habari yenyewe. Aliuliza jambo lingine: “Kwa hiyo, Mama, yule mzee alijua siku zote?” Alijua. Katika sinema ya tatu Ben anaulizwa na Luke waziwazi kwa nini alimdanganya, naye anajibu kwamba aliyosema yalikuwa kweli ukiyatazama kwa upande fulani. Nawapenda wazee, lakini hilo ni jibu la wakili. Sisi tulimwambia kijana akiwa na miaka 10 kwamba baba yake yu hai na kwamba alimtendea mama yake vibaya. Tulikubaliana, mume wangu na mimi, kwamba asije akayasikia hayo kwa mtu wa nje, au kwa huyo baba mwenyewe siku mkono wake umeshakatwa.

Nina malalamiko mawili ya mpenzi wa siku nyingi, mnivumilie. Mwaka 1997 Lucas alizitoa sinema hizi upya na mabadiliko. Mwanzoni Han Solo alimpiga risasi mtu aliyekuja kumkamata kabla yule hajafyatua. Sasa ikawekwa kwamba yule ndiye anayeanza. Walitaka Han aonekane mtu mwema. Lakini ukimfanya mwema tangu mwanzo, kurudi kwake kuwaokoa wenzake mwishoni kunakuwa jambo dogo. Na mwaka 2004 wakambadilisha baba yake Luke anapotokea mwishoni kama roho: wakamwondoa mzee Sebastian Shaw, wakamweka kijana Hayden Christensen. Baba aliyetubu alikuwa mzee mwenye makovu. Kwa nini arudishiwe ujana, kana kwamba miaka ile haikuwapo?

Kuna furaha moja pia. Katika sinema ya tatu, rubani msaidizi mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb, alipewa sauti na Mkenya, Kipsang Rotich, na katika lugha yake ya ajabu mnasikika Kikuyu safi. Mjomba aliposikia mara ya kwanza alisimama kutoka kwenye kiti. Kijana wetu naye alicheka mpaka tukalazimika kurudisha nyuma mara tatu.

Sasa nifike kwenye lile lililonisumbua. Luke anapoamua kumwendea baba yake, haendi kama mtoto mjinga. Anamjua. Mkono wake wa kulia ni wa bandia kwa sababu ya mtu huyo. Kabla ya kwenda anamwambia Leia yote, pamoja na kwamba wao ni ndugu mapacha. Maana yake Vader ni baba yake Leia pia. Leia alifungwa na kuteswa na mtu huyo, alishikiliwa naye sayari yake ilipoangamizwa. Anamsihi Luke asiende, akimbie mbali. Lakini hamzuii. Naye mwenyewe haendi.

Nimezitazama sinema hizi tangu ujana na sikuwahi kuona kwamba hakuna anayemlazimisha Leia. Luke haombi waende pamoja. Ben hamwambii ni wajibu wake. Baba yao anapokufa, Luke anauchoma mwili usiku, peke yake, na Leia hayupo motoni. Yuko kwa watu wake, na sinema haimhukumu hata kidogo.

Tangu ule ujumbe wa Novemba, dada kadhaa katika Kristo wameniambia, kwa upole, kwamba imenipasa kumpokea yule mtu nyumbani kwangu na kumwandalia chakula, kama baba alivyompokea mwana mpotevu. Lakini mwana mpotevu alikuwa ametapanya mali. Hakuwa amempiga mtu aliyekuwa tayari kaburini. Simwombei mabaya, nimelitaja jina lake katika maombi, na haikuwa rahisi. Kumkaribisha mezani kwa dada yangu aliyekufa ni jambo lingine, na Mungu hajaniambia nilifanye.

Usiku wa tatu, kijana alipokwisha kulala, mume wangu alikunja gazeti lake. Akasema, “Mama watoto, yule kijana alikwenda na silaha, lakini akaitupa mwenyewe.” Kumbe alikuwa akitazama muda wote. Tulizungumza mpaka usiku wa manane. Yeye anaogopa mtoto atapewa ahadi za mlevi, kisha avunjike moyo. Mimi pia naogopa. Lakini kijana alikuwa ameshaulizwa, naye amejibu kwamba anataka kumwona, si kuhamia kwake, kumwona tu uso.

Asubuhi tukampigia mchungaji simu. Tumepanga Jumamosi moja ya likizo ya Aprili, mchana, ofisini kwa mchungaji, saa moja tu. Mume wangu atakaa nao chumba kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kijana akitaka kuondoka kabla ya saa kwisha, wataondoka. Mimi sitakwenda.