Mgeni wa Kujitolea na Mtungi wa Maji

Watu wengi husifu kazi ya kujitolea, na mimi ni mmoja wao. Walakini sifa hizo aghalabu hutazama upande mmoja tu, yaani kile anachotoa mgeni. Ni mara chache kumsikia mtu akiuliza kile anachotwaa. Kwa hiyo napenda kueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe Ukambani katika mwaka 2009, kwa sababu vijana wengi wangali wakienda mashambani kwa kazi ya namna ile, na huenda habari zangu zikawafaa.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka 19. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne huko Mombasa, na kama ilivyokuwa katika Kenya siku zile, ilinipasa kungoja muda mrefu kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Kukaa barazani bila kazi kulinichosha. Basi nikapata habari kwamba chama kimoja kilikuwa kikitafuta vijana wa kukaa katika kijiji cha Kitui kwa muda wa miezi minane. Kazi ilikuwa ni kusaidia kufundisha hesabu katika shule ya msingi, na siku za Jumamosi kusaidia kujenga ukuta wa kuzuia mchanga mtoni. Hapakuwa na mshahara. Chakula na malazi yangetoka kwa wenyeji. Nilikubali mara moja. Nilikuwa nimesoma juu ya vijana wa Uingereza waliopelekwa ng'ambo na VSO tangu mwaka 1958, na juu ya Wamarekani wa Peace Corps, ambao kundi lao moja lilifika Tanganyika katika mwaka 1961 kusaidia kazi ya barabara. Nikajihesabu kuwa nami ni mmoja wa jamaa hao. Tena nikajiona bora kuliko wao, maana nilikuwa nikienda kuwasaidia ndugu zangu wenyewe.

Nilipanda basi mpaka Kibwezi, kisha nikafuata barabara inayopita Ikutha na Mutomo, ambayo wakati ule ilikuwa ya vumbi tupu. Ilikuwa mwezi wa Aprili, lakini majani hayakuonekana. Mvua ya masika ilikuwa haikunyesha ya kutosha, na ng'ombe niliowaona njiani walikuwa mifupa na ngozi. Nilipokewa katika nyumba ya mama mmoja ambaye mume wake alifanya kazi Nairobi. Pamoja naye walikaa mama mkwe wake, aliyekuwa mzee sana, na watoto watatu, mkubwa wao akiwa msichana wa darasa la saba. Walinipa chumba kilicho kizuri kuliko vyote, nao wakasongamana katika kile kilichobaki.

Maisha yangu ya kila siku yalikuwa hivi. Niliamka saa kumi na mbili, nikaoga, nikanywa uji, nikaenda shuleni kwa miguu. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya 50, na wengine walikaa watatu watatu kwa dawati moja. Mchana tulikula isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Jioni nilisahihisha madaftari mbele ya taa ya mafuta, huku bibi mzee akisuka kiondo cha katani na kunifundisha maneno ya Kikamba. Nilipokosea walicheka mpaka machozi yakawatoka, nami nikacheka pamoja nao. Kabla ya kulala nilioga tena, maana mtu wa Pwani hawezi kulala na jasho na vumbi.

Usiku wa kwanza nilipewa maji katika beseni. Nikaoga kama tuogavyo kwetu, kwa kujimwagia kichwani, yakaisha kabla sijaosha miguu. Nikaita niongezewe. Yule msichana akaja na kata nyingine, akaiweka nje ya ua wa magunia, akaondoka bila kusema neno. Tangu siku ile niliwekewa ndoo asubuhi na ndoo jioni, wala sikuuliza. Nilifikiri ndivyo ilivyo.

Baada ya majuma sita hivi nikaona katika daftari la mahudhurio kwamba msichana yule alikuwa akikosa shule mara mbili au mara tatu kwa juma. Niliudhika. Nilikula kwao na kulala kwao, na kwa hiyo nilitaka watu wasiseme kwamba nampendelea. Siku moja alipokuja amechelewa nilimsimamisha mbele ya darasa mpaka somo likaisha, nikawaambia wenzake kwamba mtu asiyejali masomo anawaibia wazazi wake. Alitazama chini, hakujibu.

Juma lile lile, kwenye saa tisa ya usiku, nilisikia sauti ya punda uani. Nikatoka, nikawakuta mama na msichana wakifunga mitungi minne ya plastiki juu ya punda. Nikawaambia nitafuatana nao. Mama alikataa, kisha akanyamaza. Tulitembea gizani kwa muda wa saa moja na nusu mpaka katika mto wa mchanga. Mito mingi ya nchi ile hupita maji siku chache tu katika mwaka. Siku nyingine zote maji hujificha chini ya mchanga, na watu huchimba shimo kuyatafuta. Shimo tulilolifikia lilikuwa refu kupita kimo cha mtu, limezungushiwa miiba ili wanyama wasiingie. Wanawake na wasichana walikuwa wamekwisha jipanga, mitungi yao mbele yao. Mtu mmoja aliingia ndani akateka kwa kibuyu, kata moja, akangoja maji yachuruzike, kisha kata nyingine. Zamu yetu ilifika jua limekwisha toka.

Hapo ndipo mama mmoja jirani, aliyejua Kiswahili, alipoangua kicheko akasema, "Mwalimu, ndiwe unayeoga mara mbili kwa siku?"

Wote wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, bali nilihisi kama nimepigwa kofi. Njiani nilipiga hesabu, maana hesabu ndiyo kazi iliyonipeleka kule. Mitungi minne ya lita 20 ni lita 80. Maji hayo yalipasa kutosha kupikia, kunywa, kufulia, na kunywesha mbuzi. Nikamwuliza mama, naye akanieleza baada ya kusihiwa sana: kabla sijafika walikwenda mtoni kila siku ya tatu, tangu nilipofika ikawa kila siku ya pili. Yeye peke yake hakuweza kupakia punda, kuteka, na kulinda nafasi katika safu. Kwa hiyo alimchukua binti yake. Nami nilimwadhibu mtoto yule mbele ya wenzake kwa sababu ya maji niliyoyamwaga mimi kichwani mwangu.

Nilimwuliza, "Mama, mbona hukuniambia?"

Akajibu, "Mwanangu, mgeni akiomba maji haambiwi yametoka wapi."

Siku ile nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba nilimkosea mwanafunzi, na nikaeleza kosa langu. Watoto walishangaa kumsikia mwalimu akisema hivyo. Msichana mwenyewe hakuonyesha furaha wala hasira. Tangu hapo nilijipangusa kwa kitambaa na kata moja ya maji, na zamu ya mtoni nikaichukua mimi pamoja na mama. Vijana wenzangu wa kijiji walinidhihaki, maana kuteka maji kulihesabiwa kuwa kazi ya wanawake. Lakini mzee mmoja, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi bandarini Mombasa, aliniita akaniambia, "Ninyi watu wa Pwani ndio mliotufundisha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mbona wewe ulingoja majuma sita?" Sikuwa na jibu.

Basi kazi ya ukuta niliitazama kwa macho mengine. Hapo kwanza niliiona kuwa ni kazi yetu sisi tuliojitolea. Sasa nikaona kwamba ni kazi yao, na mimi ni mtu mmoja katika safu ya wanaopokezana mawe. Wakamba wana desturi yao iitwayo mwethya, ambayo majirani hukusanyika kumfanyia mwenzao kazi, kama Wakikuyu walivyo na ngwatio na Wajaluo saga. Mzee yule alinieleza kwamba katika siku za ukoloni Serikali iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, nao wakaichukia kazi ile. Lakini walipoachwa kuchagua viongozi wao wenyewe na kazi yao wenyewe, walichimba matuta kwa hiari yao. Kujitolea kulikuwako kijijini zamani kabla ya mgeni yeyote kufika na barua ya chama.

Ukuta wenyewe si jambo la ajabu, na kuta za namna hiyo zilikwisha jengwa Ukambani tangu miaka ya 1950. Hutafutwa mahali ambapo mwamba u karibu chini ya mchanga, ukajengwa ukuta wa mawe na saruji kutoka ukingo huu hata ukingo wa pili. Mafuriko yajapo, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na udongo mwepesi hupita juu ukaenda zake. Maji hukaa kati ya chembe za mchanga, ambapo jua haliwezi kuyakausha upesi, wala mbu hawezi kutaga mayai. Kiasi cha robo ya mchanga huo, na pengine zaidi, huwa ni maji. Saruji ililetwa na wafadhili. Mawe, mchanga, maji ya kuchanganyia na mikono vilitoka kwa wanakijiji. Nafikiri wanawake walikuwa wengi mara tatu kuliko wanaume.

Tulimaliza mwezi wa Septemba. Mwezi wa Oktoba mvua ya vuli ikaanza, na usiku mmoja tukausikia mto ukija kwa ngurumo. Asubuhi watu wote walisimama ukingoni. Maji mekundu yalikuwa yakipita juu ya ukuta, na ukuta umesimama. Bibi mzee aliletwa juu ya punda apate kuona. Hakusema kitu, alitazama tu.

Niliondoka Desemba. Nilipofika nyumbani nilifungua bomba, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza maji yale yanatoka wapi. Sehemu yake hutoka katika chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hushuka kutoka vilima vya Chyulu, mpakani mwa nchi ya Wakamba, yakaletwa Mombasa kwa mabomba zaidi ya kilomita 200. Kumbe tangu utoto wangu nilikuwa mgeni wa majirani zao, wala hakuna aliyeniambia yametoka wapi.

Mwaka 2015 nilirudi kuwasalimu. Mchanga ulikuwa umejaa mpaka ukingo wa ukuta, na mwendo wa kwenda majini haukuzidi robo saa. Bibi mzee alikuwa amekwisha fariki. Msichana yule alikuwa likizoni kutoka shule ya sekondari, kidato cha nne. Nikastaajabu kidogo, kwa kuwa kwa hesabu yangu alipaswa kuwa amekwisha maliza. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mwaka ule wa ukame nilirudia darasa."

Sikumwuliza zaidi. Najua kwamba ukame ulikuwa mkali, na kwamba wasichana wengi walikosa shule ambao hawakuwa na mgeni nyumbani mwao. Hata hivyo najua pia kwamba sehemu ya mwaka ule ni deni langu, wala ukuta haulilipi, kwa maana ukuta waliujenga wao.

Sisemi haya ili vijana waache kujitolea. Waende, tena waende wengi. Lakini kila aendaye na aulize siku ya kwanza, si siku ya arobaini: Maji haya yametekwa wapi, na nani? Chakula hiki kimepunguzwa katika sahani ya nani? Ni nani aliyehama kitanda ili mimi nilale? Asingoje kuambiwa, maana wenyeji wenye heshima hawatamwambia kamwe. Ajifunze salamu za watu kabla ya kuwafundisha kitu chochote. Kama chama kinachompeleka kina fedha za kununua fulana zenye jina la chama, kiwe pia na fedha za kulipia maji na unga wa nyumba itakayompokea. Na kazi anayopewa mgeni na iwe ile ambayo wenyeji wenyewe wameichagua, naye ashike upande mmoja wa jiwe, wao wakishika upande wa pili.

Mtu akifanya hivyo, huenda akarudi kwao akiwa ametoa zaidi ya alivyotwaa. Asipofanya, atarudi na picha nzuri, na huko nyuma mtoto mmoja atarudia darasa.