Nakala ya mwisho wa mwezi ilinitia aibu

Akiba haiozi, walinena wahenga, nami nikalipuuza neno hilo. Dada yangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Nairobi, na hesabu zake za kompyuta alinikabidhi mimi. Nilikuwa nikitoa nakala kila mwisho wa mwezi. Tarehe 27 stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na kompyuta ikazima isiwake tena. Mauzo na madeni ya siku 26 yakaenda nayo.

Kwa siku tatu tulikesha tukipekua vitabu vya risiti. Baadhi ya wadaiwa walikuja kulipa, wengine walituuliza, "Deni gani hilo?"

Dada hakunikemea. Aliniuliza tu, "Uko tayari kuandika upya kazi ya siku ngapi?"

"Moja," nikajibu.

"Basi nakala iwe ya kila siku."

Msomaji mpendwa, hiyo ndiyo kanuni. Siku hizi tuna diski mbili za zamu: ya leo huenda nami nyumbani, ya jana hubaki dukani, kwani mwizi habishi hodi, wala moto. Kila Jumamosi naifungua nakala nione kama inasomeka. Sheria ya ushuru yataka kumbukumbu za biashara zihifadhiwe miaka 5. Stima haiijui sheria hiyo.