Bahari Niliyoikuta Dodoma

Leo naungama.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikua nikiamini kwamba ushairi una wenyewe, na wenyewe ni sisi tunaolala tukisikia mawimbi. Imani hiyo iliniponza nilipokuwa kidato cha tano, nikiongoza chama cha ushairi shuleni. Mwanafunzi mwenzangu, Mgogo, aliniletea shairi lake. Sikuhesabu hata mizani. Nilimwambia mbele ya wenzetu, "Hili ni shairi la bara, halina chumvi." Wakacheka. Hakuleta jingine.

Miaka mingi baadaye ndiye aliyenialika kwao. Treni ya umeme ilinishusha Dodoma alasiri, upepo mkavu ukipeperusha vumbi jekundu. Alinipokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa!" Sikujua kuiitikia. Alinifundisha pale pale, bila kunicheka.

Kesho yake tulitembea. Tulianzia Uwanja wa Nyerere, penye sanamu ya Mwalimu ambaye chama chake, mwaka 1973, kiliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa. Kutoka hapo tulifika kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, lenye kuba. Nilisimama nikilitazama, maana kwetu kuba huzoeleka juu ya misikiti. Upande wa pili wa barabara lipo kanisa kuu la Walutheri. Mwenyeji wangu, ambaye ni Mwanglikana, alinieleza habari za jina la mji. Wazee husimulia kwamba tembo alikwenda kunywa maji akazama topeni, mahali pale pakaitwa kwa Kigogo idodomia, yaani palipozama. Masikio yangu ya Kiswahili yalisikia humo neno "kudidimia".

Wakati wa swala ya alasiri alinipeleka Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010 na wenye nafasi ya waumini wapatao 3,000. Alinisubiri kivulini. Nilipotoka aliniuliza, "Ndugu yangu, unamkumbuka Mnyampala?"

Nitaachaje kumkumbuka? Nilipokuwa shule ya msingi nilighani ngonjera mbele ya wazazi, nikapigiwa makofi. Tuliambiwa kwamba bingwa wa ngonjera ni Mathias Mnyampala, nami, kwa kiburi changu, nikamweka pwani bila kuuliza.

"Ni wa hapa," akasema. "Mgogo, kama mimi."

Hapo ndipo nilipodidimia.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917, akafariki 1969. Aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, akatoa diwani yake, akawa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa 1970 na 1971, yeye akiwa kaburini. Lakini jambo lililonishika pale msikitini ni jingine. Mkristo huyu wa uwanda wa kati aliisimulia Injili kwa utenzi. Utenzi ni chombo ambacho wazee wetu wa pwani walikitumia kusimulia habari za Mtume na maswahaba, tangu enzi za Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Mnyampala hakuomba ruhusa ya mtu wa Tanga. Alizitwaa mizani na vina, akavijengea nyumba yake ya ibada. Nililikumbuka lile kuba la asubuhi.

Sisi washairi huziita aina za mashairi "bahari". Nimelitamka neno hilo maisha yangu yote bila kutambua kwamba bahari ya namna hiyo haina ufuko wala mwenye ufuko. Tulipoliuza neno letu bara, tulilisifu kwa kuenea. Aliporudi nalo mtu wa bara likiwa limevikwa vina, tukamwambia halina chumvi.

Jioni, tukila zabibu uani kwake, nilimwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kumbe unakumbuka?" Mimi nilidhani yeye ndiye atakayekuwa amesahau.

Nikamuuliza kama aliendelea kuandika. Akatikisa kichwa. Akanionesha kichala mkononi mwake. "Huku kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka," akasema, bila kuongeza neno.

Sikuthubutu kuifasiri kauli hiyo kwa faida yangu. Niliporudi Tanga nilitunga beti nne za kumwomba radhi, kina cha kati "ma", cha mwisho "ra", nikamtumia kwa simu. Nilizihesabu mizani zangu mara tatu, kama ambavyo zake sikuzihesabu hata mara moja.

Alama zinaonesha amezisoma. Hajanijibu. Kwa desturi yetu, aliyeanza kulumbana hungoja. Nami nangoja.